Altrasaundi, CT au MRI: ipi ya kuutazama uvimbe wa ini, ipi ya kuongoza sindano

Mgonjwa anaingia na bahasha tatu mkononi. Ya kwanza altrasaundi, ya pili CT (eksirei ya vipande vipande), ya tatu MRI (picha za sumaku), zote za ini lile lile, na kila moja ina lugha yake. Sasa ameandikiwa kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kwa sindano na kupimwa maabara, na swali lake ni moja: "Mtatumia mashine gani? Si mtumie ile kubwa?" Ile kubwa ni MRI. Akisikia kwamba sindano itaongozwa na altrasaundi, kile kimashine cha magurudumu alichoanza nacho wiki kadhaa zilizopita, uso unabadilika. Anaona kama amerudishwa darasa la kwanza.

Mimi hufanya kazi kwenye vyumba hivi, na jibu langu huwa lile lile. Kuutafuta uvimbe ni kazi moja, kuujua ni wa aina gani ni kazi nyingine, na kuuchoma sindano ni kazi ya tatu. Mashine inayoshinda kwenye moja inaweza kushindwa vibaya kwenye nyingine. Anayepanga kipimo kwa ukubwa wa mashine hupoteza muda, na mara nyingine hulipia picha isiyojibu alichouliza daktari.

Kuutafuta: altrasaundi

Altrasaundi haina mionzi. Inatuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yanagonga viungo na kurudi, na picha inachorwa hapo hapo. Kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, na kwa wengi wanaoishi na homa ya ini ya B ya muda mrefu, ndiyo inayotumika kuwafuatilia kila baada ya miezi 6, mara nyingi pamoja na kipimo cha damu kiitwacho AFP. Hairuhusiwi kudharauliwa: uvimbe mwingi wa ini unaotibika hukamatwa na mashine hii hii ndogo.

Adui zake ni gesi, mafuta na mbavu. Ndiyo maana unaambiwa ukae bila kula kwa saa 6 hadi 8, kwani ukila gesi huongezeka na mfuko wa nyongo hujikamua hadi usionekane vizuri. Sehemu ya juu ya ini, chini tu ya kiwambo cha kupumulia, hujificha nyuma ya mbavu na pafu. Ini lililojaa mafuta nalo humeza mawimbi kabla hayajafika nyuma, picha ikawa kama dirisha lenye ukungu.

Kuna jingine ambalo wagonjwa hawaambiwi sana. Jibu la altrasaundi hutegemea mkono wa mpimaji kuliko kipimo kingine chochote nitakachokitaja hapa. Picha za CT zinaweza kusomwa upya kesho na mtu mwingine. Mkono uliopita haraka juu ya uvimbe umeshapita. Binafsi, ripoti inayokiri kwamba "sehemu ya juu ya ini haikuonekana vizuri" naiamini kuliko inayosema "kawaida" kwa mtu ambaye tumbo lake limejaa gesi.

Kuujua: CT na MRI

Hapa inabidi kwanza tuzungumze habari ya damu. Ini hupokea damu kwa milango miwili. Karibu robo tatu huja kwa vena ya pota, mshipa unaokusanya damu kutoka kwenye utumbo na bandama. Robo iliyobaki huja kwa ateri. Lakini saratani inayoanzia kwenye chembe za ini zenyewe hujitengenezea mishipa yake na kunywa karibu kila kitu kutoka kwenye ateri. CT na MRI za ini zimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Dawa ya kontrasti, inayong'arisha damu kwenye picha, inasukumwa kwenye mshipa wa mkono. Sekunde 35 hivi baadaye imefika kwenye ateri za ini, na saratani inang'aa ilhali ini linaloizunguka bado halijapata mgao wake. Kwenye sekunde ya 70 hivi dawa imeingia kwa mlango wa pili, ini lote limeng'aa. Dakika 3 hadi 5 zikipita, saratani imeshaitema dawa na sasa imekuwa nyeusi kuliko jirani zake. Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio na madhara ambao watu wengi wanao bila kujua, hufuata mwendo wa kinyume: vidoa vinang'aa pembeni, kisha dawa inajaa polepole kuelekea katikati na kukaa humo. Saratani iliyosafiri kutoka utumbo mpana mara nyingi huonyesha pete pembeni na kiza katikati.

Kwa hiyo CT ya ini iliyopigwa mara moja tu baada ya dawa ni nusu ya kipimo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote kazini. Fomu inakuja imeandikwa "CT ya tumbo", bila neno moja kuhusu uvimbe wa ini. Mgonjwa anapigwa picha ya kawaida, anapata mionzi yake na dawa yake, halafu ripoti inamwambia: uvimbe haueleweki, rudia kwa awamu zote, yaani kwa kila moja ya nyakati hizo. Ukipewa fomu, isome kabla hujaondoka chumba cha daktari. Kama wasiwasi ni uvimbe wa ini, maneno hayo yawepo.

Sifa ya CT ni kasi. Upigaji wenyewe ni wa sekunde. Pumzi moja, umekwisha. Katika safari hiyo hiyo unapata mapafu, mifupa, tezi za limfu na figo. Gharama yake mwilini ni mionzi: CT moja ya tumbo hukadiriwa kuwa milisivati (kipimo cha mionzi mwilini) 8 hadi 10, na mtu hupokea kwa wastani takriban 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani bila kufanya lolote. Awamu zikiongezeka, mionzi nayo huongezeka. Kwa mtu wa miaka 60 anayeshukiwa saratani, hiyo si sababu ya kukataa kipimo. Kwa msichana wa miaka 24 anayefuatiliwa hemanjioma, ni sababu nzuri ya kuuliza kama MRI ingetosha. Dawa ya CT ina madini joto (iodini), hivyo utaulizwa kuhusu figo na kama uliwahi kupata mzio nayo. Usijibu "hapana" ili mambo yaende haraka.

MRI haitumii mionzi. Hutumia sumaku, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3. Unalala ndani ya handaki kwa dakika 30 hadi 45, kelele kama za fundi anayegonga bati, na kila mara sauti inakwambia vuta pumzi, zuia, usipumue. Mwenye betri ya moyo, vipande vya chuma jichoni au vipandikizi vya zamani lazima aseme kabla ya kuvuka mlango. Faida yake ni kwamba inatofautisha maji, mafuta na damu, na kuonyesha jinsi maji yanavyotembea kati ya chembe, mambo ambayo CT huyaona kwa shida. Kwa kidoa cha chini ya sentimita 2, mara nyingi ndiyo inayotoa neno la mwisho.

Ipo pia dawa ya MRI iitwayo asidi ya gadoksetiki, ambayo nusu yake hivi hunyonywa na chembe za ini na kutolewa kwenye nyongo. Baada ya dakika 20 ini lenye afya linang'aa lote, na kila kisichokuwa na chembe za ini zinazofanya kazi kinabaki tundu jeusi. Kwa daktari wa upasuaji anayetaka kujua vimebaki vinundu viwili au vitano kabla ya kukata, picha hii ni dhahabu.

Nichague ipi? Kidoa kidogo, swali lenye utata, mgonjwa anayeweza kutulia: MRI. Mgonjwa anayehema, tumbo limejaa maji, au daktari anataka kujua kama saratani imetoka nje ya ini: CT, bila kusitasita. MRI ya mtu asiyeweza kuzuia pumzi ni picha ya mtu anayepumua, haina kingine.

PET niipitie haraka, kwa sababu watu huiwazia kama kipimo kinachoona kila saratani. Hutumia sukari yenye mnunurisho, na saratani nyingi huila kwa pupa. Lakini ini lenyewe hushughulika na sukari siku zote, na saratani ya ini ambayo chembe zake bado zinafanana na za kawaida hujichanganya humo isionekane. Iko vizuri kwa limfoma, saratani ya tezi za limfu, na kwa saratani nyingi zilizosafiri. Si ya kuanza nayo kwenye uvimbe uliozaliwa ndani ya ini.

Kinyama kinahitajika kweli?

Saratani ya chembe za ini ina upekee: inaweza kuthibitishwa kwa picha tu. Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mwaka 2011 mfumo uitwao LI-RADS, unaopanga vinundu kuanzia LR-1, kisicho na shaka kwamba ni salama, hadi LR-5, kisicho na shaka kwamba ni saratani ya ini. Mtu mzima mwenye sirosisi au homa ya ini ya B ya muda mrefu, akiwa na kinundu cha LR-5, anaweza kuanza matibabu bila sindano.

Na sindano ina deni lake. Mara chache inapotoka huacha chembe za saratani njiani. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2008 ulikadiria hilo kuwa asilimia 2.7 kwa saratani ya ini. Si nyingi, ila kwa anayesubiri kupandikizwa ini jipya ni hesabu nzito. Hemanjioma iliyojieleza vizuri kwenye picha haichomwi. Kifuko chenye maji kinachoshukiwa kuwa cha minyoo ya mbwa nacho hakichomwi kiholela, kwani maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kuleta mzio wa kutisha. Kipimo cha damu kinatangulia.

Upande wa pili, LI-RADS haimhusu mtu mwenye ini zima lisilo na ugonjwa wowote wa kudumu. Huyo, pamoja na mwenye vinundu visivyofuata tabia yoyote inayojulikana, au aliyewahi kuwa na saratani kwingine, au ambaye dawa zake zitachaguliwa kwa vinasaba vya uvimbe, anahitaji kinyama. Hapo ubishi umekwisha. Kinachobaki ni sindano iongozwe na nini.

Kuongoza sindano

| | Altrasaundi | CT |
|---|---|---|
| Sindano inaonekanaje | Ikitembea, muda wote | Kwa vituo: sogeza, piga picha, sogeza |
| Mionzi | Hakuna | Ipo |
| Pumzi ya mgonjwa | Inafuatwa kwa macho | Lazima azuie sawa kila mara |
| Kinachokwamisha | Gesi, mfupa, kina kirefu | Uvimbe usioonekana bila dawa |
| Mahali pake | Ini, na uvimbe ulio karibu na ngozi | Nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo, nyuma ya utumbo |

Jedwali halisemi kitu kimoja kikubwa. Ini haliketi. Kila pumzi hulisukuma chini na kulirudisha juu kwa sentimita moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Kinundu cha sentimita 1.5 kinaweza kuhama kabisa kutoka kwenye mstari wa sindano kwa pumzi moja tu. Kwa altrasaundi unakiona kikihama, unasubiri kirudi, unasogeza. Kwa CT unapiga picha, unaingia, unasogeza kwa hesabu, unatoka, unapiga tena. Mgonjwa akivuta pumzi tofauti na ya mwanzo, hesabu imeharibika.

Na ile saratani iliyong'aa vizuri sana kwenye CT sekunde ya 35? Ilikuwa imezimika kabla ya dakika chache kwisha. Zoezi la sindano huchukua nusu saa. Dawa haiwezi kusukumwa tena na tena, kwa hiyo unajikuta unalenga kitu ambacho picha iliyo mbele yako haikionyeshi, unaongozwa na mshipa uliokuwa jirani yake. Huyu ndiye yule mgonjwa wa bahasha tatu: MRI ilionyesha uvimbe wake vizuri kuliko zote, lakini kumchomea humo ndani kungetaka sindano zisizovutwa na sumaku na mikono mirefu ya kuingia handakini, na hospitali chache hufanya hivyo.

Ndiyo maana kwa ini mimi husimama na altrasaundi kila inapowezekana. Isipouona uvimbe, kuna njia mbili kabla ya kukimbilia CT. Ya kwanza ni kuchomeka dawa ya vipovu vidogo vya gesi, vinavyotolewa kwa kupumua na visivyopitia kwenye figo. Ghafla uvimbe unajitokeza, na unaona hata sehemu iliyo hai na iliyokufa. Hilo lina maana, kwani uvimbe mkubwa huoza katikati, na sindano iliyotua katikati huleta uozo tu. Lenga ukingoni. Njia ya pili ni kuunganisha picha za MRI za zamani na altrasaundi ya sasa kwenye skrini moja, zikitembea pamoja mkono unapotembea.

Nje ya ini mizani inageuka. Tezi za limfu zilizolala pembeni ya uti wa mgongo, au uvimbe uliofunikwa na utumbo wenye gesi, ni kazi ya CT, mara nyingi mgonjwa akilala kifudifudi na sindano ikipita mgongoni. Kongosho ni la endoskopi, mrija wenye kamera, yenye altrasaundi nchani: inamezwa hadi tumboni, na sindano inavuka ukuta wa tumbo au wa utumbo ikiwa imekaribia kabisa. Tezi iliyo juu ya figo isichomwe kabla ya kupima homoni zake, maana baadhi ya uvimbe wa pale ukiguswa humwaga homoni na shinikizo la damu likapanda hadi kuua. Na kuna njia ya mshipa wa shingoni, kwa mwenye damu isiyoganda au maji mengi tumboni: kama pakivuja damu, inavujia ndani ya mshipa. Hiyo inafaa kujua ini lote lina ugonjwa gani. Kwa kinundu kimoja kilicholala pembeni haisaidii sana.

Nyembamba au nene?

Namba za sindano huenda kinyume: namba ikipanda, sindano inapungua. Namba 22, yenye unene wa milimita 0.7 hivi, hufyonza chembe chembe. Namba 18, karibu milimita 1.2, hukata uzi wa kinyama wenye urefu wa sentimita moja au mbili. Wengi huomba nyembamba kwa woga, na ninawaelewa. Lakini chembe zilizotawanyika hazimwonyeshi daktari wa patholojia jinsi zilivyokuwa zimepangwa, na kwa limfoma mpangilio ni nusu ya jibu. Vipimo vya vinasaba navyo hutaka nyama ya kutosha. Kama wanaokusubiri maabara watahitaji hayo, sindano nyembamba leo mara nyingi ni sindano nene wiki ijayo. Siku hizi pia hutumika sindano ya ganda: ya nje inaingia mara moja, na ya kukatia inapita ndani yake mara tatu au nne, ngozi na kifuko cha ini, yaani utando unaolifunika, vikitobolewa mara moja tu.

Kabla ya siku yenyewe damu hupimwa. Kwa kawaida hutakiwa chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zizidi 50,000 na INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, isizidi 1.5 hadi 1.8. Dawa za kulainisha damu husimamishwa siku kadhaa kabla, warfarini kwa kawaida 5, lakini kwa ruhusa ya daktari aliyeziandika. Mwenye vali bandia ya moyo akiziacha mwenyewe anaweza kupata kiharusi akisubiri kupimwa ini.

Chumbani, kabla ya kuchoma, tunafyatua sindano hewani mgonjwa asikie. Ta! Kama stepla kubwa. Asiyesikilizishwa hushtuka kwa mlio kuliko kwa maumivu, na akishtuka ini linaruka naye. Ganzi inawekwa kwenye ngozi na kwenye kifuko cha ini chenyewe, kwa sababu ndani ya ini hakuna maumivu makali. Yapo kwenye kifuko. Wengine hupata maumivu ya bega la kulia na kudhani wamelala vibaya. Ni mshipa wa fahamu wa kiwambo, unaoripoti habari za ini kana kwamba zimetoka begani.

Kinyama kinapodondokea kwenye chupa ya fomalini, kitazame kama utaruhusiwa. Kimekaa kama uzi wa kushonea. Ini lenyewe lina rangi ya kahawia. Uvimbe mara nyingi hutoka mweupe au wa kijivu. Kikielea, huenda ni mafuta, na tunarudia kabla hujashuka kitandani. Halafu unalala ukichunguzwa kwa saa kadhaa, shinikizo na mapigo yakipimwa mara kwa mara, kwa sababu damu ikivuja huwa inajionyesha mapema. Kuvuja kwa hatari hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya 100. Ukiwa nyumbani, kizunguzungu, jasho baridi au tumbo linalozidi kuuma si vya kulalia hadi asubuhi.

Majibu yakija, yasome pamoja na picha. "Hemanjioma" ni jibu: limeeleza kilichoonekana. "Tishu ya ini ya kawaida, hakuna chembe za saratani" kwa mtu ambaye CT yake ilionyesha kinundu cha sentimita 4 si jibu, kwani kinundu cha sentimita 4 si tishu ya kawaida. Sindano ilipita pembeni. Karatasi hiyo irudishwe kwa daktari wa radiolojia aliyechoma, siku hiyo hiyo ukiweza, na safari hii muulize alipanga kuuona uvimbe kwa mashine gani wakati anauchoma.